Ahadi ya Bi Somoe kwa Vinywa vya Temeke

Jumamosi tarehe 31 Desemba 1983, Bi Somoe Mwishehe atavua koti lake jeupe na kulikabidhi stoo, baada ya kuitumikia Maabara ya Kinywa hapa Chang'ombe kwa miaka ishirini na mmoja kasoro siku chache. Aliingia Januari 1963, nchi ikiwa na uhuru wa mwaka mmoja tu na sie wafanyakazi tukiweza kukaa wote kwenye benchi moja. Anatoka akiwa mtunzaji mkuu wa vijidudu, cheo ambacho ukikitaja kwenye foleni ya sukari watu wanakupisha.

Mie ninayeandika ni Polikarpo, dereva wa Landrova. Mhariri wa jarida hili angeweza kumpa kazi hii msomi, lakini wasomi wengi wamekuja wamemkuta, mie nimezunguka naye tangu mwanzo. Sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, maana ananijua na atasoma. Mie wa Songea, yeye wa Mtoni kwa babu na bibi, tukawa watani tangu siku ya kwanza na utani huo haujaisha. Leo hata hivyo sina mizaha mingi. Mwaka 1965 Bi Somoe aliwapa watu ahadi moja. Ahadi hiyo ilimkaa kooni miaka yote hii, na hakutaka kutoka getini bila kuitimiza. Nataka mjue alivyoitimiza na ilivyomgharimu.

Kwa wafanyakazi wapya nieleze kwanza kazi yenyewe. Daktari Gregori, mganga wa meno aliyeianzisha maabara hii, alirudi masomoni na swali ambalo wengi waliliona la kipuuzi: kinywa cha mtu mwenye afya, asiyeumwa jino wala fizi, kina nini ndani? Kila mtu alijua kwamba kinywa kibovu kina bakteria. Kinywa kizima hakuna aliyekiuliza, kana kwamba ni bakuli lililooshwa. Daktari alitaka kujua. Alitaka vinywa vya wavuvi wa Kunduchi, vya wakulima wa Chanika, vya wachonga vinyago waliohamia Mabibo, na vya watu wa Temeke wa kila namna, vyote vizima, ili awajue wakazi wa humo.

Bi Somoe ndiye aliyekwenda kuvichukua. Kazi ilikuwa kupitisha kijiti chenye pamba juu ya ulimi, kingine ndani ya shavu, kingine kwenye ufizi, kingine kati ya jino na jino, kisha kuvipaka kwenye sahani za kioo zenye chakula kilichogandishwa na kutiwa damu ya kondoo. Sahani nyingine zilikwenda kwenye kabati la joto. Nyingine ziliwekwa kwenye mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, mtungi ukafunikwa mpaka mshumaa ujizimikie wenyewe, kwa sababu wapo bakteria wasioipenda hewa hii tunayovuta. Ukilisikia hivyo ni jambo dogo. Ngoja sasa.

Tatizo la kwanza lilikuwa mate. Katika hili mtu wa pwani na mtu wa kusini wanaafikiana kabisa: mate ya mtu ni mtu mwenyewe. Ukitema, unafukia kwa mguu. Yakiangukia mkononi mwa mbaya wako, umekwisha. Sasa anakuja mwanamke na kikapu cha vichupa, gari la serikali liko nje, anasema fungua kinywa nichukue kidogo niende nacho. Thubutu! Mtoni, kwao alikozaliwa, walimfungia milango. Kunduchi, mama mmoja muuza samaki aitwaye Bi Tunu alimuuliza mbele za watu kama ametumwa na mumiani. Wengine walinitazama mie kwenye usukani kama ndiye mumiani mwenyewe, na uso wangu huu haukusaidia.

Bi Somoe hakubishana na mtu. Alikwenda kwa Mzee Marijani, balozi wa nyumba kumi pale Mtoni, mtu aliyeogopwa kidogo na kupendwa sana, akaomba majirani waitwe barazani. Mbele yao wote akasema kwamba mate yale yatahesabiwa vijidudu tu. Hesabu ikiisha, kila kilichotoka kinywani mwa mtu kitachomwa moto, na atakayechoma ni yeye kwa mikono yake, si mwingine. Akala yamini. Kisha akamwita binti yake, Mauwa, mwanawe wa pekee, ambaye wakati ule alikuwa na miaka saba. Akamkalisha kwenye mkeka katikati ya watu, akamwambia afungue kinywa. Mauwa ndiye wa kwanza kabisa katika hesabu yetu. Mzee Marijani akafuata, na baada yake watu wakaanza kujipanga. Habari zikafika Kunduchi, na Bi Tunu naye akakubali, ila alimwambia Bi Somoe kwamba ahadi ameisikia na Mungu kaisikia.

Mjue kwamba ahadi ile hakuitunga. Ndivyo mpango ulivyokuwa: tuhesabu miezi michache, tuchome, tuandike ripoti.

Hapa acheni nicheke kidogo. Sahani za kwanza zilipokaa siku mbili kwenye kabati la joto, zilitoka karibu tupu. Kidoa hapa, kidoa pale. Daktari Gregori alidhani kabati limekufa, akaita fundi. Fundi akasema kabati ni zima. Akadhani damu ya kondoo imeharibika, nikatumwa kondoo mwingine. Bado. Siku ya tatu akamuuliza Bi Somoe anawaalika vipi wale watu. Bi Somoe akajibu kwa heshima zote kwamba anawaambia waje safi. Jamani! Wazee wa watu walikuwa wameamka wakapiga mswaki mpaka fizi zikawauma, wakasugua mkaa na chumvi, wakatafuna karafuu, wengine wakavaa na kanzu. Utamwambiaje mtu mzima mwenye wajukuu akufunulie kinywa ambacho hakijaoshwa? Bi Somoe hakuwa na ulimi wa kusema hivyo, na sidhani kama yuko mtoto wa pwani mwenye nao. Daktari mwenyewe alikiri kwamba angekuwa yeye pale barazani naye angetafuna karafuu.

Ikabidi turudi upya, na safari hii alfajiri, kabla mtu hajanawa. Hapo likaja la pili. Mtu ambaye hajanawa uso wala kusukutua hasalimiwi wala hasalimii, hilo linajulikana. Na kuingia nyumba ya mzee bila shikamoo ni utovu wa adabu. Bi Somoe akapata njia yake. Alikuwa akifika, anakaa kwenye ukingo wa baraza bila neno, kichwa ameinamisha. Mzee anatoka, anakaa, anafungua kinywa. Bi Somoe anapitisha vijiti vyake, anaviweka kwenye vichupa, anainamisha kichwa tena. Mzee anakwenda uani, ananawa, anasukutua, anarudi. Hapo sasa ndipo Bi Somoe anaposimama na kusema shikamoo, naye anajibiwa marahaba kwa kicheko, na mazungumzo yanaanza, na chai, na habari za watoto. Kazi yote ilifanyika kimya, na adabu haikuguswa. Wazee waliipenda sana namna ile. Mie siku moja nilijisahau, nikashuka garini nikapaza sauti, "Shikamoo, babu!" Babu akaruka, akaziba kinywa kwa kiganja, akaingia ndani akasukutua ili aweze kunijibu. Kinywa kikawa kimepotea mpaka keshokutwa, na Bi Somoe alininunia njia nzima.

Sahani za alfajiri zilizaa, na zilizaa kweli. Nimeziona kwa macho yangu. Vidoa vyeupe kama tui, vingine vya kijivu, vingine vimezungukwa na duara la kijani pale vilipoila damu, na kwenye ule mtungi wa mshumaa, baada ya siku nyingi, vikatokea vyeusi kama wanja. Daktari alisema kila kidoa kinaitwa koloni. Mzee Marijani alipoelezwa, alikunja uso akasema wakoloni tumewaondoa juzi tu, sasa mnatuambia wamehamia mdomoni. Lakini alipoambiwa kwamba ulimi una watu wake, jino lina watu wake, shavu lina watu wake, na kila mmoja anajua kwake, alifurahi. Akasema kumbe hata kinywa kina mabalozi.

Hilo ndilo maabara yetu ilikuja kulifundisha, na Bi Somoe alilifundisha kuliko sie wote, klinikini na shuleni. Kinywa kizima hakiko tupu. Kina aina nyingi kuliko makabila ya nchi hii, na hakuna vinywa viwili vinavyolingana, hata vya mtu na ndugu yake wanaokula sinia moja. Wengi wao ni wakazi wasio na ubaya, na kwa kukaa kwao wanamzuia mgeni mbaya asipate pa kukaa. Wako wagonjwa waliomeza dawa kali wiki nyingi, wakaja kwetu na ulimi umefunikwa na ukungu mweupe wa fangasi. Bi Somoe aliwaeleza bila kuwatia aibu kwamba wenyeji wamefukuzwa, mgeni kahamia, na wenyeji watarudi taratibu. Wengi walikuja wakiona haya ya kinywa chao. Sikumbuki aliyeondoka nayo.

Sasa nirudi kwenye ahadi.

Hesabu ilipoisha, sahani zilichomwa. Bi Somoe alizichoma kama alivyosema. Lakini kabla ya moto, Daktari Gregori alikuwa ameokota kutoka kwenye sahani zile aina moja moja, akazipandikiza kila moja kwenye kichupa chake, na akataka zitunzwe hai. Sababu yake ilikuwa nzito na mpaka leo siwezi kuipinga. Ukija mgonjwa mwenye fizi zinazotoka damu, utajuaje kilichobadilika kinywani mwake kama huna cha kinywa kizima cha kulinganisha nacho? Bi Somoe alimweleza habari ya yamini. Daktari akamjibu kwa upole kwamba mate yalishateketea, hawa waliomo vichupani ni wajukuu wa wajukuu wa wale waliotoka mdomoni. Bi Somoe akasema mjukuu wa mtu ni wake yule yule. Lakini Daktari ndiye mkubwa wa kazi, na kazi ilikuwa ya kuwasaidia watu hao hao. Akapewa vichupa avitunze, akavipokea.

Akavitunza. Bakteria hawawekwi kabatini kama vitabu. Kila baada ya wiki kadhaa chakula chao kinakwisha, na usipowahamishia kwenye kichupa kipya wanakufa. Unachoma waya mpaka uwe mwekundu, unaupoza, unachota kidogo, unahamisha, unaziba kwa pamba. Kichupa kwa kichupa, rafu kwa rafu, na ukimaliza unaanza tena. Amefanya hivyo miaka yote.

Mwaka wa Azimio, 1967, surua ilipita Mtoni. Mauwa alikuwa na miaka tisa. Mie ndiye niliyewapeleka hospitali kwa Landrova, na mie ndiye niliyewarudisha. Sitaandika zaidi ya hapo. Alizikwa kabla ya magharibi, na Daktari Gregori alishika jeneza kutoka nyumbani mpaka makaburini.

Katika vichupa vile, kimoja kilikuwa cha ulimi wa Mauwa. Watoto tuliowapata walikuwa wachache, maana wazazi wengi walijitoa wenyewe wakawaficha wana. Na katika ulimi wa Mauwa mlikuwa na bakteria mmoja wa rangi ya manjano hafifu ambaye hatukumwona tena katika kinywa kingine chochote, cha mtoto wala cha mkubwa. Daktari aliandika habari zake, na wataalamu wa mbali wakamwandikia kuuliza. Bi Somoe aliporudi kutoka msibani, Daktari alitaka kichupa kile kihamishwe na Adelina, msaidizi wa maabara. Bi Somoe akakataa. Alikihamisha mwenyewe, katika zamu yake, baada ya kichupa kilichotangulia na kabla ya kilichofuata. Nilikuwa mlangoni nimeleta moyo wa ng'ombe wa kuchemshia mchuzi wa chakula cha bakteria. Alichoma waya, akaupoza, akachota, akahamisha, akaziba. Mie ndiye niliyeshindwa, nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya gari.

Kwa hiyo mwelewe. Miaka kumi na sita mama yule alilisha kwa mkono wake kitu hai kilichotoka kinywani mwa mwanawe. Hakuwa na kingine. Nguo ziligawiwa, na picha hakuwahi kupigwa.

Ilipokuja miaka hii ya shida tulidhani vichupa vitakufa. Baada ya vita vya Kagera hakuna kilichopatikana. Sabuni hakuna, spiriti hakuna, umeme unakatika unavyotaka. Bi Somoe alijifunga kibwebwe. Aliamka kuwahi buchani kupigania moyo wa ng'ombe na akina mama wanaotafuta kitoweo, na walimchukia kweli, maana hawakuamini kwamba moyo mzima unakwenda kuliwa na bakteria. Umeme ukikatika alivifunga vichupa kwenye blanketi pamoja na chupa za maji ya moto. Hakuna aina aliyopewa iliyomfia. Wenzetu wa maabara kubwa kuliko yetu wamepoteza zao.

Mwaka huu, barua ya kustaafu ilipomfikia, ikaja na habari nyingine: vichupa vyote vitahamishiwa chuoni, vitunzwe huko daima, na vizalishwe vingine vipelekwe kwa wataalamu popote watakapoviomba. Ni heshima kubwa, tulishangilia. Bi Somoe hakushangilia. Aliingia ofisini kwa Daktari akasema hawezi kukabidhi kisicho chake. Alisema watu wale walimpa kwa sharti, na sharti limevunjwa mikononi mwake, na hataki kufa nalo. Daktari alimsihi. Alisema aina moja ikipotea haipatikani tena, na kwamba watoto ambao hawajazaliwa wana haki yao humo. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili walitoka macho mekundu.

Bi Somoe hakuomba kuchoma vyote. Aliomba kuuliza. Aliye hai aulizwe mwenyewe, aliyekufa waulizwe watu wake. Atakayetoa radhi, kichupa chake kiende chuoni. Atakayekataa, kichomwe mbele ya macho yake, kama ilivyosemwa. Daktari Gregori alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha akanikabidhi petroli ya gari lake mwenyewe tuitie kwenye Landrova, na mwezi mzima amekuwa akija kazini kwa miguu. Hilo nalo naomba liandikwe.

Tukazunguka. Mabibo tulimkuta Kornelio, mchonga vinyago, amezeeka lakini meno yake yaliyochongwa bado yako pale pale. Alicheka sana kusikia kwamba vijidudu vyake vimefanya kazi serikalini miaka kumi na minane, akauliza kama na vyenyewe vitastaafu. Akaruhusu. Watoto wa Mzee Marijani, Mungu amrehemu, walisema baba yao alitoa, na alichotoa baba hawakirudishi. Chanika mzee mmoja alikataa kwa upole. Alisema hana ugomvi na mtu, ila anataka aondoke duniani akiwa mzima, asibaki kipande mahali. Bi Somoe alimwambia ana haki. Aliwasha jiko la mafuta ya taa pale uani, akakichemsha kichupa kwenye sufuria, maana kioo hakiungui, mpaka kilichomo kikafa, akachoma pamba yake, akafukia. Mzee akamshukuru kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe.

Kwa Bi Tunu wa Kunduchi haikuwa rahisi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe ulinidanganya." Alieleza kwamba mara mbili aliugua asijue anaumwa nini, na mara zote mbili alijiuliza mate yake yako wapi, akajituliza kwamba Somoe aliapa. Nilitaka kuingilia, nimtetee, niseme habari za Daktari na za amri ya kazi. Bi Somoe alininyamazisha kwa mkono. Akapiga magoti kwenye mchanga akasema, "Nilikudanganya, dada. Nipe radhi." Hakutaja mkubwa wala amri. Kichupa kikachemshwa, Bi Tunu amesimama kando ya sufuria hageuki. Kilipokwisha kuchomwa, alichota maji akamnawisha Bi Somoe mikono, kidole kwa kidole, akatupikia samaki. Tukiwa njiani kurudi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimsikia Bi Somoe anaimba chini kwa chini.

Daktari Gregori alipoteza vichupa vingi kuliko alivyotarajia na vichache kuliko alivyoogopa. Hakulalamika. Kimoja hakukitia hesabuni kabisa, wala mie sikukitia, wala Adelina. Kichupa cha Mauwa kilikuwa na mwenyewe humu humu ndani. Daktari alikwishaandika jina la Mauwa mwanzoni mwa orodha ya kwenda chuoni, na alikuwa ameomba yule bakteria wa manjano aitwe kwa jina la mtoto huyo.

Alhamisi iliyopita Bi Somoe alituita, Daktari, Adelina na mie. Kichupa kilikuwa mezani na sufuria ilikuwa jikoni inachemka. Daktari alipoona, alikaa kitini bila kuambiwa.

Bi Somoe alisema marehemu wengine wote amewaulizia kwa ndugu zao, lakini huyu hahitaji kuulizwa ndugu. Alisema asubuhi ile ya mwaka 1965, walipokuwa njiani kwenda kwa Mzee Marijani, Mauwa aliogopa kama wengine. Alikuwa mtoto wa Mtoni, alishasikia habari za mate. Alimshika mama yake kanga akamuuliza, "Na yangu utayachoma, mama?" Akamjibu atayachoma. Mtoto hakuridhika, akauliza tena, akataka aape. Akamwapia. Ndipo akakubali kwenda kukaa kwenye mkeka.

"Watu wazima nimewatimizia," alisema Bi Somoe. "Mtoto wangu nimtapeli kwa kuwa hawezi kunidai?"

 Daktari Gregori alisimama, akavua miwani, akasogea kando ya jiko. Bi Somoe akakichukua kichupa, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akakitia majini mwenyewe, akafunika. Akasoma Fatiha. Adelina alilia kwa sauti, nami sioni haya kusema kwamba nililia pia. Tulikaa wote wanne mpaka mwisho. Kisha akachoma pamba, akaosha sufuria, akairudisha mahali pake.

Bi Somoe ametufundisha mengi: kuchoma waya, kuhamisha, kuziba, kusubiri. Adelina anashika funguo za rafu tangu Jumatatu, na vichupa vilivyobaki vinakwenda chuoni kwa radhi ya watu wake, jambo ambalo sidhani kama maabara nyingi zinaweza kulisema. Kwa niaba ya Daktari Gregori na wafanyakazi wote, tunamshukuru kwa jasho lake, kwa subira yake na kwa heshima aliyowapa watu waliomfungulia vinywa.

Nina neno moja la mwisho. Tangu mwaka ule wa msiba, humu ndani tuliacha kumwita Mama Mauwa. Hakuna aliyetuagiza. Tulidhani tunamhurumia, tukawa tunasema Bi Somoe, Bi Somoe, na jina la mtoto likafa midomoni mwetu sote. Alhamisi ile nilipomfungulia mlango wa gari nimrudishe nyumbani, likanitoka bila kulifikiri. Nilimwambia, "Pole, Mama Mauwa."

Alikaa, akapanga kanga yake magotini, akanitazama.

"Nishapoa, Polikarpo," akasema. "Twende."

Basi nasi tunakuaga kwa jina lako. Nenda salama, Mama Mauwa, na uzee wako uwe wa raha.